Guta la Kuungaunga: Mwongozo wa Kutouziwa Mbuzi kwenye Gunia

Msimu wa mpunga ukimalizika, Chita, bondeni chini ya milima ya Udzungwa, hubaki na watu wa aina mbili: wenye fedha mfukoni na wenye guta la kuuza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wa kwanza, ili msimu ujao wasijikute wamehamia kundi la pili.

Guta tunalolizungumzia si lile lililotoka kiwandani na miguu yake mitatu. Ni pikipiki, mara nyingi Boxer au SanLG iliyokwishachoka kubeba abiria, iliyokatwa nyuma, ikang'olewa gurudumu lake moja na kuchomelewa ekseli yenye magurudumu mawili na bodi ya bati juu yake. Kuanzia kiti cha dereva kwenda mbele ni pikipiki ile ile ya jana. Nyuma yake ni mkokoteni.

Wazo lenyewe ni la heshima na lina umri. Mwaka 1948, Italia ikiwa bado inajikwamua baada ya vita, kampuni ya Piaggio ilichukua skuta yake ya Vespa, ikaiwekea magurudumu mawili nyuma na sehemu ya mizigo, ikaiita Ape. Mbunifu wake, Corradino D'Ascanio, ndiye aliyeibuni na Vespa yenyewe. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa kibali cha Piaggio, na jina lake tunalo midomoni kila siku. Kwa hiyo fundi wa Ifakara anayekata pikipiki na kuipa mguu wa tatu anafanya kazi iliyokwishafanywa na wahandisi wakubwa. Ila wao walikuwa na kiwanda kizima cha kupima kila kipande, na yeye ana mashine ya kuchomelea, macho yake na uaminifu wake. Hapo ndipo fedha yako inapoingia: unaponunua guta la kuungaunga, unanunua mkono wa fundi aliyeliunga.

1. Mtafute fundi kabla ya kupatana na muuzaji

Swali la kwanza lisiwe bei. Uliza, "Nani alilichomelea?" Muuzaji mwenye guta zuri atakutajia jina la fundi na mahali alipo, iwe Mlimba, Mngeta au Ifakara, tena kwa fahari. Muuzaji anayejibu, "Bosi, nililikuta hivi hivi," amekwishakupa jibu la kutosha.

Mpigie fundi simu au mfuate. Muulize ekseli aliitoa kwenye chombo gani, chuma cha fremu ni cha unene gani, na kama tangu hapo guta limerudi kwake kwa matengenezo. Mwulize pia angetaka shilingi ngapi kukutengenezea jingine kama hilo. Jibu la swali hili litakusaidia sana tukifika kwenye bei.

2. Lala chini

Tandika gunia, lala chali chini ya guta na tochi ya simu. Tafuta pale fremu ya pikipiki inapokutana na fremu ya bodi. Uchomeleaji mzuri una mshono wa mawimbi madogo yanayolingana, uliozama kwenye vyuma vyote viwili. Uliopwaya una vidonge vidonge vilivyokaa juu ya chuma, na kati yake kuna vitundu. Pitisha ukucha kando ya mshono. Ukikuta mstari mwembamba wa kutu unaofuata mshono, hapo pamekwishaanza kupasuka, na maji yanaingia kila mvua inaponyesha.

Rangi mpya chini ya guta iangaliwe kwa makini. Juu ya bodi rangi ni urembo. Chini, mahali pasipoonwa na mteja wa kawaida, huwa imepakwa kwa sababu, nawe omba ruhusa uikwangue kidogo.

Hakikisha pia kwamba kiungo kimeshikwa kwa vipande vya pembeni vya kuimarisha, maana mpini ule wa nyuma wa pikipiki uliundwa kubeba gurudumu moja linalopanda na kushuka. Haukuundwa kupindwa kushoto na kulia na magunia.

3. Mwaga maji uwanjani

Lowesha kipande cha uwanja kwa ndoo mbili za maji, halafu mwambie muuzaji aendeshe polepole, moja kwa moja. Fuata alama za tairi kwa kipande cha kamba. Alama ya mbele inapaswa kupita katikati kabisa ya zile mbili za nyuma. Ikiwa imeegemea upande mmoja, ekseli imechomelewa upande au fremu imepinda, na utatumia maisha yako yote kupigana na usukani na kununua tairi.

Kwa kamba hiyo hiyo pima upana kati ya tairi za nyuma, kisha upana kati ya mifereji iliyochimbwa na magari kwenye barabara utakayopita. Guta jembamba huweka tairi moja ndani ya mfereji na nyingine juu ya tuta la katikati, likatembea limelala upande na mzigo wake. Na hata likiwa na upana sahihi, gurudumu la mbele litapita juu ya lile tuta lenye majani na mawe safari nzima. Kwa hiyo kagua shokapu za mbele kama zinavuja oili, na beringi za usukani kama zinagonga ukifunga breki.

4. Jua nguvu inaenda gurudumu lipi

Inua nyuma kwa jeki mpaka magurudumu yote mawili yaning'inie. Zima injini, ingiza gia, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono.

Likigoma, na la pili nalo likagoma, una ekseli ngumu: yote mawili yanasukuma kwa pamoja. Kwenye tope la Machi na Aprili hii ndiyo inayokutoa, kwa sababu moja likiteleza jingine bado linafanya kazi. Taabu yake ni kona. Gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, lakini ekseli inayalazimisha yatembee sawa, hivyo guta linang'ang'ania kwenda mbele, tairi zinakwanguka na ekseli inajipinda kila siku hadi ikatike.

Moja likizunguka na jingine likageuka kinyume chake, guta lina difu. Kona zake ni laini, na kwa safari ndefu za barabara kuu ndilo la kununua. Ila gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia huko huko na guta linasimama.

Moja likizunguka huru na jingine likagoma, basi gurudumu moja tu ndilo linalosukuma. Guta la namna hiyo huvuta upande likipewa mafuta, na tope la bondeni ni kubwa kuliko uwezo wake. Kwa Chita, liache.

5. Pakia mpunga, usipakie maneno

"Linabeba gunia kumi." Utaambiwa hivyo, na pengine ni kweli kwamba limewahi kubeba. Ape ya kwanza, iliyoundwa kiwandani kwa injini ya cc 125, iliandikiwa kilo 200. Magunia kumi, hata kama kila moja lina kilo 80 tu, ni kilo 800, mara nne ya hapo. Na sote tunajua lumbesa zinavyopita kikomo cha kilo 100 ambacho Wakala wa Vipimo anahubiri kila msimu. Injini ya pikipiki yako iliundwa kumbeba dereva na abiria wake.

Basi pakia magunia mawili ya mpunga wa kweli na uende upande wa milima ya Udzungwa, ambako ardhi huanza kuinuka. Simama kwenye mwinuko, kisha ondoka. Injini ikilia kwa sauti kubwa huku guta likijivuta, na pua ikanusa kuungua, klachi imekwisha. Guta la klachi ya namna hiyo lisivuke reli ya TAZARA likiwa na mzigo hata siku moja, kwa sababu treni haina pa kupisha.

Unaporudi, ukiteremka, funga breki. Magurudumu yote mawili ya nyuma lazima yawe na breki, na yashike kwa pamoja. Kagua alama kwenye vumbi: zikiwa na urefu tofauti, siku utakayosimama ghafla guta litageuka. Mafundi wengine huacha breki upande mmoja tu ili kupunguza gharama. Hilo halina punguzo la bei linaloweza kulifidia.

Kumbuka pia kwamba injini ya pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Ukiingia njia nyembamba ya shambani umejaza, kurudi ni kwa kusukuma.

6. Sahau kulala kwenye kona

Pikipiki huingia kona kwa kulala, na mwili wako umezoea hivyo. Guta halilali. Ukilikatisha kona kwa kasi, mzigo unasukumwa nje na gurudumu la ndani linanyanyuka. Ukifunga breki hapo hapo, uzito unakimbilia mbele, ambako kuna gurudumu moja tu la kuupokea. Hivyo ndivyo maguta yanavyopinduka. Jizoeze uwanjani likiwa tupu, na ukatae guta ambalo sakafu ya bodi yake iko juu sana, kwa kuwa kila kimo unachoongeza kinalikaribisha kuanguka.

Kama unalinunua kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu wa miguu, breki ya mguuni na gia ziwe zimehamishiwa mkononi kwa vyuma na nyaya imara. Na yeye mwenyewe ndiye alikalie na kulijaribu kabla fedha haijatoka.

7. Karatasi

Namba ya chasisi kwenye shingo ya usukani na namba ya injini zifanane na zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Pamekwanguliwa? Ondoka. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Pikipiki nyingi ziko kwenye mkataba: dereva anapeleka hesabu kwa mwenye mali hadi amalize deni, na kabla hajamaliza hana haki ya kuuza hata kioo cha pembeni.

Kadi inaeleza pikipiki ya magurudumu mawili, ilhali mbele yako pana matatu. Marekebisho hayo yafanyike TRA, na bima ikatwe kwa chombo kilivyo sasa. Vinginevyo, siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukukatalia. Andikishianeni mauziano mbele ya mtendaji wa kijiji au wakili, pamoja na nakala za vitambulisho, na mabadiliko ya umiliki yaanze wiki hiyo hiyo.

8. Sasa bei

Chukua gharama aliyokutajia fundi kwa guta jipya. Toa tairi zilizokwisha, klachi, breki, beringi na marekebisho ya kadi. Kinachobaki ndicho cha kuzungumza. Muuzaji akisema anasafiri kesho asubuhi, mtakie safari njema, na usipunguze hatua hata moja kwa sababu ya haraka yake.

Usimalizie fedha yote kwenye ununuzi. Shilingi ya kwanza baada ya hapo iende kwenye breki, ya pili kwenye taa za nyuma na viakisi kwenye kona zote mbili za bodi, kwa sababu anayekuja nyuma usiku akiona taa moja atadhani ni pikipiki na kukupita kwa kipimo cha pikipiki. Barabara unayosombea mpunga ndiyo wanayopita watoto kwenda shule asubuhi. Guta lisiloweza kusimama mbele yao usilinunue, hata likiuzwa kwa bei ya kuku.