Mgomba Bafuni

Hapa Hamburg, mwezi wa kumi ukishaingia, mke wangu hana habari tena na siasa wala mpira. Anachofuatilia ni utabiri wa baridi ya usiku. Zikitajwa nyuzi 10, nyumba nzima inapata amri ya kuhama. Mpilipili uliokaa roshanini tangu kiangazi unaingia ndani, mchaichai unaingia, na kiti changu cha dirishani kinatoka. Mgomba, kwa urefu wake na kwa kupenda unyevu, umepangiwa bafuni, ndani ya beseni la kuogea. Ukitaka kuoga unaukumbatia, unauweka kando ya choo, unaoga huku jani likikugusa mgongoni kama mtu mwenye deni lake, kisha unaurudisha taratibu usichanike.

Sisemi hana sababu. Desemba huku jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi jioni limeshazama, na hapo katikati mara nyingi ni mawingu matupu. Mmea uliokosa mwanga haukui, na usiokua haunywi. Ukiumwagia maji ya kiangazi, mizizi inaoza. Hita nayo inakausha hewa mpaka ncha za majani zinageuka kahawia. Kisha kuna hii desturi ya Wajerumani ya kufungua madirisha wazi kila siku, hata katika theluji, kuta zisiote ukungu. Kwetu imeandikwa kwenye mkataba wa nyumba. Basi kila asubuhi vyungu vinaondolewa dirishani, dirisha linafunguliwa, linafungwa, vyungu vinarudishwa. Mimi nikipiga chafya naambiwa nivae sweta.

Katika hali hiyo akatufikia mjomba wangu kutoka Muheza.

Siku ya kwanza kofia yake ilinasa kwenye karatasi ya njano ya gundi, ile inayotegwa juu ya vyungu kukamata vijinzi vinavyozaliana kwenye udongo mbichi. Hiyo tuliimaliza kwa kicheko na mafuta ya kupikia. Kilichomshangaza zaidi ni ua la zambarau juu ya kabati, lenye majani ya manyoya, ambalo mke wangu hulinywesha maji ya uvuguvugu kwa sahani ya chini, kwa kuwa tone la maji baridi likiangukia jani linaacha baka.

"Mjomba," akaniambia, "hiki si kile kinachoota kwenye miamba kule Amani?"

Ndicho. Kilitoka kwenye milima ya Usambara enzi ya Wajerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akakipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyekipeleka. Leo kimejaa madirishani mwa mabibi wa Ujerumani.

Bahati mbaya mjomba ana huruma. Kulikuwa na Zamioculcas pembeni ya sebule, mmea wa kwao pwani yetu, wenye viazi chini ya udongo vinavyoweka akiba ya maji. Kipindi cha baridi unaweza kukaa wiki kadhaa bila tone. Mzee akaona udongo umekauka, akahisi mwenzake wa nyumbani ananyanyaswa ugenini. Kila alfajiri akitoka kutia udhu, anamsalimia kwa birika zima. Hakutuambia, kwani sadaka haitangazwi.

Harufu ndiyo iliyosema. Mke wangu alivuta shina likaja lenyewe mkononi, na chini yake kiazi kikiwa uji. Hakuthubutu kumkaripia baba mkwe. Mjomba, alipoulizwa kwa adabu, alijibu kwamba mgonjwa amekwenda akiwa ameshiba. Lawama zikanishukia mimi, maana ni wa upande wangu.

Juzi amepiga simu. Mkaza mjomba ameona picha za ua la kabatini na hana usingizi. Nikamwambia Amani si mbali naye. Akasema kule ni hifadhi, hakuchumwi kitu; tena huyu mama hataki cha msituni, anataka hicho kilichozoea kuwekwa kabatini, kiletwe na mtu anayekuja.