Katika Kuyasifu Makadirio ya Fundi

Makadirio ya gharama za ujenzi, kwa jinsi yanavyofahamika katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, ni hati ya ukurasa mmoja ambayo fundi huiandika kwa wino wa buluu kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto wa shule, akiwa ameiweka juu ya tangi la pikipiki, na ambayo hutaja idadi ya mifuko ya saruji, malori ya mchanga na ya kokoto, vyuma, mbao, mabati, misumari na, mwishoni kabisa, pesa za mkono, yaani ujira wa kazi yenyewe. Hati hiyo imedharauliwa bila haki. Wenye nyumba wameilaani, wanandoa wamenuniana kwa wiki nzima kwa sababu yake, vyama vya akiba na mikopo vimeitolea fedha na kisha kujuta, na hadi sasa hakuna msomi aliyejitokeza kuitetea. Makala haya yananuia kuirudishia heshima yake, na yameandikwa na mtu ambaye bado anadaiwa na duka la vigae.

Asili ya neno lenyewe ni ushahidi wa kwanza wa utukufu wake. Makadirio ni ndugu wa kadari, majaliwa ambayo Mwenyezi Mungu amemwandikia kila kiumbe, na maneno yote mawili yalitoka katika shina moja la Kiarabu kabla ya kupanda kutoka pwani hadi kwenye vilima vya Litein na Kapkatet. Kwa hiyo anayemuuliza fundi kwa nini hesabu imebadilika hana tofauti na anayeuliza kwa nini mvua imenyesha, na fundi mwenye busara humjibu kwa upole ule ule ambao wazee humjibu mtoto.

Yapo, ni kweli, makadirio ya aina nyingine, yanayoandaliwa na mkadiria majenzi, mtaalamu aliyesomea kuipima kazi kutoka kwenye ramani na kuitia bei, na ambayo hutenga fungu la dharura, mara nyingi asilimia 10, kwa ajili ya mambo yasiyotarajiwa. Aina hiyo haisifiwi hapa. Hati inayokiri mapema kwamba itakosea haina ushujaa wowote.

Ili sifa za makadirio ya fundi zionekane vizuri, hayana budi kutazamwa katika kazi inayoyapendeza kuliko zote, ambayo ni kuongeza jiko la kisasa kwenye nyumba kuukuu. Nyumba nyingi za wakulima wa chai zilijengwa kwa awamu, bonasi hadi bonasi, kiasi kwamba chumba cha mwaka mmoja kina mawe, cha mwaka uliofuata kina matofali, na cha mwaka wa tatu, ambao bila shaka haukuwa mzuri, kina mbao zilizopakwa rangi ya kijani. Nyuma yake husimama jiko la nje, kibanda chenye mafiga matatu, ambamo kimyet, yaani ugali, husongwa, na ambamo kijinga cha mti wa senetwet husuguliwa ndani ya sotet, kibuyu cha kugandishia maziwa ya mursik. Jiko la kisasa ni kinyume cha hayo yote. Lina kaunta ya graniti, makabati ya ukutani yasiyotoa sauti yanapofungwa, oveni iliyozamishwa ukutani, feni ya kufyonza moshi, na katikati ya sakafu meza kubwa isiyogusa ukuta wowote, ambayo wauzaji huiita kisiwa na ambayo, katika kaunti zisizo na bahari, huvutia sana.

Miongoni mwa sifa za makadirio, iliyo kuu ni uwezo wa kukua, na inastahili kuelezwa kwa utaratibu wa kisayansi. Mchai, ili utoe majani, hudai mvua, ambayo Kericho haijawahi kuikosa kwa muda mrefu. Hudai mbolea ya NPK 26:5:5, ambayo gharama yake hukatwa kwenye malipo ya mkulima. Hudai kupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4. Na baada ya hisani zote hizo unaweza kupigwa na mvua ya mawe alasiri moja na kubaki vijiti. Makadirio hayadai mbolea wala jembe. Yakilazwa mezani jioni, huamka marefu zaidi. Hatua yao ya kwanza ni kuchipua, nayo huanza pale ukuta wa zamani unapotobolewa ili mlango wa jiko jipya upite, na ndani yake yakaonekana mambo ambayo marehemu mwenye nyumba alikwenda nayo kaburini: boriti iliyoliwa na mchwa, waya wa umeme uliofungwa kwa kitambaa, msingi usiofika mahali msingi unapopaswa kufika. Hatua ya pili ni kutandaa. Kama michai inavyokatwa usawa mmoja ili iunde kile ambacho wakulima hukiita meza, ndivyo makadirio yasivyopanda juu tu bali huenea pande zote, kwa maana vigae vipya vya jikoni huifanya sakafu ya sebule ionekane ya aibu, na sebule ikishatengenezwa huwa ni ukatili kuliacha lango la zamani, na lango jipya halina maana bila kokoto kwenye njia ya gari, hata kama gari lenyewe bado halijanunuliwa.

Hatua ya tatu ni kuchuma. Majani ya chai huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14. Makadirio huchumwa kila Jumamosi, saa saba mchana, fundi anapokuja kuchukua malipo ya vijana wake. Na kama vile mchumaji hodari huchuma majani mawili na chipukizi, akiyaacha majani makavu kwenye kichaka, ndivyo fundi hodari hutaja vitu viwili kwa sauti, saruji na vyuma, kisha cha tatu hukiacha kichungulie tu, akikiita kale kakitu ka mwisho. Hakuna aliyewahi kuambiwa kakitu hako ni nini. Huonekana kwenye risiti.

Sifa hii haiko Kericho peke yake. Mwaka 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria kazi yake kana kwamba kila jambo litakwenda sawa, hata pale anapojua vizuri kwamba kazi zote zilizotangulia hazikwenda sawa, na hali hiyo inaweza kuitwa kwa Kiswahili hadaa ya mipango. Kahneman baadaye alitaja uchunguzi wa mwaka 2002 uliohusu jambo hili hili la majiko: Wamarekani waliotengeneza upya majiko yao walikuwa wametarajia, kwa wastani, kutumia dola 18,658, na wakaishia kutumia dola 38,769. Waskoti nao, ambao kampuni yao ya James Finlay kutoka Glasgow ilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na ambao dunia nzima huwasingizia ubahili, waliambiwa mwaka 1997 kwamba jengo la Bunge lao halitazidi pauni milioni 40. Lilipofunguliwa mwaka 2004 lilikuwa limemeza zaidi ya milioni 400. Jengo hilo, kwa uchache, lina mifereji ya maji machafu.

Sifa nyingine zinaweza kutajwa kwa haraka. Makadirio hufundisha hesabu za kujumlisha kwa watu waliozisahau. Hupunguza wageni, kwa kuwa hakuna anayependa kukaribishwa chai juu ya rundo la mchanga. Huimarisha sala. Huokoa muda wa ofisi za umma, kwani kibali cha ujenzi cha kaunti, kinachotakiwa na sheria ya mipango ya mwaka 2019, hakitajwi na fundi hadi afisa aliyevaa viatu vya mpira aonekane langoni akiuliza kazi hii ni ya nani.

Kuhusu mifereji, hata hivyo, hapana budi kusimama, ingawa hadhi ya makala itapungua. Inawezekanaje mtu mwenye uzoefu wa miaka 20 aorodheshe sinki ya chuma kisichoshika kutu, yenye mabakuli mawili, pamoja na bomba la shingo ndefu linalogeuka kulia na kushoto, aorodheshe hata silikoni ya kuziba kingo zake, na asiorodheshe paipu ya kuyatoa maji? Maji yalitarajiwa kwenda wapi? Fundi alipoulizwa alisema hiyo ni kazi ya plamba. Plamba alisema shimo kwenye ukuta ni kazi ya fundi. Na wote wawili walikubaliana, kwa umoja ambao haukuonekana siku nyingine yoyote, kwamba mwenye nyumba alipaswa kusema mapema. Ukuta ulikuwa umekwisha kupigwa plasta. Vigae vilikuwa vimekwisha kubandikwa, vile vigae ambavyo deni lake limetajwa hapo juu. Vilibanduliwa vinane, na vikavunjika vinane.

Basi na turudi kwenye utulivu wa kitaaluma. Haki inamtaka mchunguzi akiri kwamba fundi hakuyatunga makadirio peke yake. Fundi anayeandika bei ya kweli huikosa kazi, kwa sababu ng'ambo ya barabara yuko mwenzake aliyeandika nusu yake. Na mwenye nyumba anayeletewa karatasi mbili huichukua ile ndogo, huishusha tena kwa kuomba apunguziwe, kisha huipeleka kwa mke au mume wake akiwa ameikunja sehemu ya chini. Afisa wa mikopo naye huhitaji tarakimu inayotoshea ndani ya kikomo cha mkopo, na tarakimu iliyo njema, kama mtoto aliyelelewa vizuri, hutosha mahali inapoambiwa itoshe. Karatasi hiyo si uongo wa mtu mmoja. Ni mkataba wa watu wanne walioafikiana kutouliza.

Wakubwa hufanya hivyo hivyo, ila kwa karatasi bora. Kila Juni, Waziri wa Fedha huinua mkoba wake mbele ya wapiga picha na kwenda kusoma makadirio ya taifa, na kabla mwaka wa fedha haujaisha huletwa bajeti ya nyongeza, ambayo ni kale kakitu ka mwisho kwa lugha ya Bunge. Kifungu cha 223 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaziidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya zile zilizoidhinishwa, na kuomba idhini ndani ya miezi 2 baada ya kuanza kuzitoa. Wapo wanandoa Bomet ambao wamekuwa wakiendesha ujenzi kwa kifungu hicho hicho bila kukisoma, isipokuwa kwamba kwao miezi 2 huwa miaka. Na ukingoni mwa msitu wa Mau, upande wa Kuresoi, upo mradi wa bwawa la Itare, uliokwama baada ya mkandarasi wake, kampuni ya Kiitalia ya CMC di Ravenna, kuishiwa nguvu za kifedha mwaka 2018. Shimo la jikoni lisilo na paipu ni dogo mbele ya shimo hilo, na lina heri ya kutokuwa na jiwe la msingi lenye jina la mtu.

Lakini mlinganisho unaomgusa mkulima mwenyewe ni ule wa bonasi. Shirika la KTDA, lililoanzishwa kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000, husimamia viwanda ambavyo humlipa mkulima kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mabichi mwezi baada ya mwezi, kisha, hesabu za mwaka unaoisha Juni zikikamilika, humlipa malipo ya pili, karibu na Oktoba, nayo ndiyo bonasi. Kati ya kilo iliyopimwa kituoni na shilingi inayofika mfukoni kuna mnada wa Mombasa unaoendeshwa kwa dola, kuna kuni na umeme wa kiwanda, kuna ada, riba na mbolea. Mkulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa amezoea kusikia kwamba kilo yake imepata pungufu ya kilo ya Murang'a au ya Kirinyaga, na sababu zinazotolewa ni nyingi, kuanzia ubora wa majani na mwinuko wa ardhi hadi uongozi wa viwanda, ingawa yeye aliyeamka alfajiri kuchuma hufikiwa na tarakimu moja tu, ya shilingi na senti kwa kilo, iliyokwisha kukatwa yote ya kukatwa.

Tuchukue mfano wa kaunta ya graniti ya shilingi 150,000. Bonasi ikiwa shilingi 30, kaunta hiyo ni kilo 5,000 za majani. Bonasi ikishuka hadi 15, ni kilo 10,000. Jiwe halijaongezeka hata inchi moja, halijatoka hata dukani, na tayari limekuwa kubwa maradufu. Mkulima huyo ndiye anayealikwa kwenye semina za hoteli kufundishwa nidhamu ya bajeti, na kulaumiwa kwamba hajui kupanga. Apange nini? Kwa upande mmoja ana fundi ambaye hesabu yake hukua, kwa upande mwingine ana kilo ambayo bei yake huijua baada ya kumaliza kuichuma mwaka mzima. Fundi, angalau, huandika misumari.

Graniti yenyewe imefika, imeegemezwa ukutani ghalani katikati ya magunia ya mbolea. Dirisha la jiko jipya limezibwa kwa bati, kisiwa hakijapata sakafu ya kusimamia, na kuku ametaga katika bakuli la kushoto la sinki, ambalo kwa kuwa halina maji ni kavu na lina joto la kutosha. Chai inachemshwa kwenye mafiga ya nje. Fundi amepita asubuhi kuacha makadirio mapya, ambayo safari hii, kwa kukosa daftari, ameyaandika nyuma ya risiti ya majani: saruji, vyuma, na chini kabisa, karibu na ukingo, mstari ambao wino umefifia.