Shangazi na Mkanda wa Manjano

Samaki wa Kapolowe unamfunua mashavu, unajua kama amelala. Mwalimu mpya wa judo hana pa kumfunua mwanafunzi aone kama yuko tayari. Siku ya mtihani wa kwanza anaousimamia, mzazi keshalipa ada na shangazi kapanda gari toka Likasi, simu mkononi. Mtoto anaanguka kama gunia la makala, anasahau kupiga mkono mkekani, kisha anauinamia ukuta kwa adabu kubwa.

“Metre, umupatie tu ile ya manjano!” shangazi anapaza sauti.

Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipofungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882, rangi hizo za mikanda hazikuwepo. Mwalimu wa judo Kawaishi ndiye aliyezieneza Paris miaka ya 1930, yasemekana ili Wazungu wasichoke kungoja. Shangazi yeye keshaanza kuuliza bei ya mweusi.