Chupa Tatu Mezani kwa Mama

Msimu wa kupiga alizeti ulipoisha, mama yetu kule Ilongero akaanza kulalamika: akitoka kisimani anakaa chini njiani, miguu haina nguvu. Simu zikapigwa. Muda si mrefu chupa tatu zikawa mezani. Kaka wa Dar alituma CoQ10. Shangazi alinunua vidonge vya vitamini B3 "vya kurudisha ujana" kwa mchuuzi. Dada wa Arusha akaleta NMN, bei yake inapita ya mbuzi.

Jioni kila mmoja akatetea chupa yake. CoQ10 mwili hujitengenezea wenyewe. Hufanya kazi kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayogeuza chakula kuwa nguvu. Ilitambuliwa Marekani mwaka 1957, kwenye moyo wa ng'ombe. B3 na NMN zote ni malighafi ya NAD, kemikali ya ndani ya seli, na bila NAD seli haifui dafu. NMN hupandisha NAD kwenye damu, lakini hakuna ushahidi kuwa imemwongezea binadamu miaka.

Mama hakungoja mjadala uishe. "Dawa ni ya kumezwa," alisema, akabugia vidonge kadhaa vya shangazi, tumboni hamna kitu. Haikupita nusu saa akapiga ukelele: uso, masikio na kifua vinawaka kama kapakwa pilipili. Shangazi akammwagia maji, jirani akaja mbio na maziwa, dada analia "Sumu!" Tukamkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda.

Tabibu aliomba chupa. "Hii ni niasini, aina ya B3 inayotanua mishipa midogo ya ngozi. Tulieni, joto litashuka." Likashuka. Kisha akamshusha mama kope la chini: ndani kweupe. Damu ilikuwa 7, na mwanamke anatakiwa afikishe 12.

"Mama, unatumia dawa gani nyingine?"

"Za magoti tu, mwanangu. Kila siku."

Akapewa rufaa. Hospitali wakakuta zile dawa za maumivu zimemchubua tumbo, damu inavuja kidogo kidogo. Alitibiwa, akapewa na vidonge vya madini ya chuma. Siku hizi anatoka kisimani bila kupumzika.

Mzee akichoka, apimwe damu, presha na sukari kabla ya kununuliwa chupa yoyote. Na kila anachomeza, daktari akione: CoQ10, kwa mfano, inaweza kupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. B3 ya kula imejaa kwenye karanga na kuku wetu wa kienyeji, na hiyo haimchomi mtu.