Namna ya Kuwa Mgonjwa Msumbufu

Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tumelelewa kwa adabu, na adabu hiyo twaenda nayo hadi dirisha la dawa. Twapokea bahasha, twasema "ahsante, daktari," twajiendea zetu. Mwongozo huu unakufunza kusumbua watu, na kila usumbufu uliomo naupendekeza kwa moyo mmoja.

Anza na mkoba. Uwe waenda kliniki ya presha Port Reitz au wavuka feri kwenda hospitali kuu kisiwani, beba kila unachomeza: vidonge vya sukari, Panadol, hata chupa ya mitishamba uliyouziwa Kongowea. Mwaga vyote mezani. Daktari akishangaa, mwache ashangae. Paracetamol imo ndani ya dawa nyingi za mafua na maumivu, na mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayemeza Panadol ya kichwa kisha akaongeza dawa ya mafua aweza kuipita hesabu hiyo bila kujua, na ini ndilo liumialo.

Dirishani, usisogee. Bahasha imeandikwa "2x3". Wewe waweza kuisoma vidonge viwili mara tatu, na nyumbani mjukuu akaisoma vidonge vitatu mara mbili. Sema, "Daktari, nisomee kwa maneno," kisha wewe nawe umrudishie kwa maneno yako. Foleni nyuma yako itaguna. Iache igune, kwani nao wana bahasha zao za kusomewa.

Dawa ya malaria, ile AL, yataka usumbufu zaidi. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mkupuo, mara 2 kwa siku, kwa siku 3, jumla 24. Lakini dozi ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza. Ukianza saa kumi jioni, ya pili ni saa sita usiku: tega kengele ya simu, uamshe nyumba nzima ikibidi. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta. Mahamri na mbaazi za nazi zafaa sana. Ya mtoto huenda kwa kilo zake, kwa hivyo dai apimwe uzito. Kumkatia ya babake kwa kukisia ni hatari.

Dawa ya maji nayo ina mtego. Wakisema kijiko, wamaanisha mililita 5, na vijiko vya kabatini kwako havilingani. Omba kikombe chenye alama.

Ramadhani ni mlango mwingine wa makosa. Wengi wenye sukari hujihamishia dawa zao daku na futari bila kuuliza, na sukari ikashuka mchana mtu yuko kazini bandarini. Nenda kliniki Shaaban haijaisha, upangiwe saa na kipimo.

Na siku utakapofungua bahasha uone kidonge cha presha ulichozoea cheupe kimekuwa cha waridi, usikimeze kwanza. Huenda ni kampuni tofauti tu, huenda ni dawa nyingine kabisa. Rudi ukaulize, hata kama ushafika Likoni. Feri ya waendao kwa miguu hailipiwi.