Namna ya Kuchagua Springi ya Mbele na Bado Ukashika Mkia

Gari la rimoti la mbio za duara hukata kona upande mmoja tu: kushoto. Likigonga ukuta, mara nyingi ni kwa sababu limekataa kukata kushoto. Mtu angedhani kulitengeneza ni kazi nyepesi. Wamarekani, wenye mchezo wao, wameona starehe haifai kuwa rahisi kiasi hicho, wakaamua kila gurudumu liwe na mambo yake. La mbele kulia ndilo linaloumia zaidi, maana kwenye kona uzito hukimbilia huko. Basi hilo ndilo utakalolinunulia springi.

Hapa tunazungumzia gari bapa la kipimo cha 1:10, linalokimbia juu ya zulia ukumbini, kama kwenye mashindano ya Snowbird Nationals kule Florida, huku limevaa bodi ya plastiki inayojifanya gari la NASCAR. Springi yake ya mbele huvalishwa kwenye kingpini, ile pini ya wima ya gurudumu la mbele, na ni ndogo kuliko ile ya kalamu ya kubofya. Ikikudondoka zuliani usijisumbue kuitafuta. Imeshakuwa mali ya ukumbi.

Springi hizi huuzwa kwa unene wa waya: inchi 0.018, 0.020, 0.022. Kati ya moja na inayofuata kuna milimita 0.05, unene wa unywele, kwa hiyo zitoe zote kwenye pakiti uzimwage kwenye kopo moja. Macho hayawezi kuzitofautisha, lakini gari litazitofautisha mara moja. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya; kwa hiyo ukitoka 0.018 kwenda 0.020, mizunguko na upana vikiwa vilevile, umeongeza ugumu kwa nusu nzima. Wenye kipimo cha vernia hupima kabla ya kufunga. Hao ni watu wasio na imani.

Kanuni ipo, kwa bahati mbaya. Pua ikigoma kuingia kona na gari likaelekea ukutani, weka springi laini mbele, matairi ya mbele yang'ate zaidi. Mkia ukiponyoka, weka ngumu zaidi, hasa kulia. Lakini kanuni haina raha, na mezani kwa mshindi pana watu. Nenda kamuulize anatumia ipi. Atakuambia, tena kwa ukweli mtupu. Hatakuambia betri yake ameisogeza kushoto kiasi gani, wala tairi zake za sponji amezichonga kufikia kipenyo kipi, wala ni nusu ipi ya tairi ya mbele ameipaka dawa ya kuongeza mshiko, wala kwamba ubavu wa ile ya kulia ameupaka gundi ili usijikunje konani. Hukumuuliza.

Ukirudi mezani kwako, badilisha springi, tairi, dawa na uzito kwa mkupuo mmoja. Gari likiwa na kasi, utasifia springi. Likiharibika, utailaumu springi. Kwa vyovyote vile hutalazimika kufikiri.

Ukiona springi ni ngumu mno, chukua koleo uikate mzunguko mmoja. Pua itashuka, gari litaonekana la hatari, na springi itakuwa ngumu kuliko ulipoanza, maana waya uliobaki ni mfupi na mzigo ni uleule. Hapo kata mzunguko mwingine.

Jambo moja tu la kuepuka: usiivue springi ukaitazama kingpini yenyewe. Utakuta nyuzi za zulia zimejisokota pale chini, zimeshikana na dawa ya matairi iliyokauka, na gurudumu ukilisukuma juu kwa kidole linabaki hukohuko. Ukiifuta kwa kitambaa na kuitia tone la mafuta, springi yako ya zamani itaanza kufanya kazi, na mwenye duka atakosa mteja.