Mtaa Mzuri kwa Watoto

Mzazi anayehamia Australia na watoto ana swali moja: mtaa gani unafaa familia? Majibu hayakosekani. Penye bustani, bembea na majiko ya umeme ya kuchomea nyama bure, pamefaa. Pakiwa mwisho wa reli, dalali atakuambia pana utulivu.

Kisha kuna shule. Melbourne, shule ya serikali hupokea kwanza watoto wa eneo lake, na mpaka wa eneo unaweza kupita katikati ya barabara. Huku mtoto ana nafasi katika shule ya Glen Waverley. Wa ng'ambo ya barabara ana bahati ya kuwapungia mkono wenye nafasi. Elimu ni ya umma, ndugu yangu. Ada imefichwa kwenye kodi ya pango, nayo hutangazwa kwa wiki ili isikushtue yote kwa mpigo.

Jumamosi ndiyo siku ya kukagua nyumba. Foleni imefika getini, dalali anafungua kwa robo saa, na baba mtu anasifia kabati la jikoni kwa sauti, akidhani atakumbukwa.

Ukiona Melbourne imekushinda, serikali ina huruma. Tangu Novemba 2019, Perth, jiji la watu zaidi ya milioni mbili, kwa hesabu za viza ni mkoani. Nenda ukalime.

Mtaa wa familia, basi, haupotei. Ni ule ambao familia yako haiumudu.